Bega Ambalo Sikulitafsiri

Dada yangu mkubwa, Yaya Nastazia,

Ni mimi, mdogo wako Felisita. Najua hukupenda barua. Ulisema kila bahasha inayofika pale kambini kwa wafanyakazi wa kiwanda ina mtu aliyekufa au mtu anayeomba kitu. Hii haina maiti mpya ndani yake, Yaya. Ina wewe tu, na jambo ambalo nilipaswa kulisema siku ile tuliporudi kutoka makaburini, miaka mitano iliyopita, na sikulisema.

Leo ni Jumapili, mchana. Nimekaa kwenye benchi la jikoni na daftari langu la kazini. Mume wangu Yozefu ametoka kwenda kutazama mpira. Hukumjua Yozefu. Ni fundi wa baiskeli, mpole kupita kiasi, na ungemtania mpaka akajifiche chumbani. Tunakaa Katuba sasa. Ulipotuacha, huku kulikuwa na majani na vichuguu. Leo kuna mitaa iliyonyooka, bomba la maji kwenye kona, na jirani ambaye ukipiga chafya anakuuliza kama umelala vizuri. Moshi wa kiwanda bado unatufuata. Siku upepo ukigeuka tunakohoa kama zamani kambini, na Mama anautukana moshi kwa Kiluba, kwa sababu anasema Kiswahili hakina matusi ya kutosha.

Mama anaishi nasi. Amekonda, lakini bado anachagua maharagwe punje kwa punje kama anayetafuta mwizi. Jembe lako analitumia yeye. Kitambaa chako cha maua ya manjano ninacho mimi, chini ya nguo zangu, na nitakueleza kwa nini.

Na mume wako yupo hai. Naandika hivyo kwa sababu kwa miaka mitano jina la Banza halikutajwa ndani ya nyumba hii. Mimi ndiye niliyelifunga jina hilo, Yaya, na hakuna aliyejua.

Acha nianze mbali kidogo, maana nikienda moja kwa moja nitaikimbia barua.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitangaza? Masista walipomaliza kunifundisha na hospitali ya kambi ikanichukua niwatafsirie madaktari kwenye wodi ya wanawake, ulizunguka kambi nzima ukisema, "Mudogo wangu anasema Kifaransa sawa vile anakula karanga." Nilijifanya kuona haya, lakini nilivimba kichwa. Nilitembea na aproni yangu nyeupe hata mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa. Wewe ndiye uliyeipiga pasi, kwa mkaa, ukihema na kunung'unika kwamba umeolewa na watu wawili, Banza na mimi.

Ulikuwa umepoteza mimba mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye mwezi wa tatu, ukiwa bustanini, ya pili hata mwezi wa tatu haikuufikia. Zote mbili ulikuwa umezitangaza kwa furaha, kwa shangazi, kwa majirani, kwa muuza samaki. Baada ya ile ya pili ulifunga mdomo. Hata Mama, aliyeshika sana desturi ya kwetu kwamba mimba haitajwi mpaka ijionyeshe yenyewe, alikuwa hajawahi kukuona umenyamaza namna ile.

Kisha siku ile tulipokuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yako. Uliweka mchi chini, ukachungulia kulia na kushoto, ukafungua pindo la kitambaa chako cha manjano. Ndani kulikuwa na pemba, ule udongo mweupe wanaokula wanawake wenye mimba, kipande kikubwa kama yai. Ulikimega, ukala, ukapangusa midomo haraka kwa nyuma ya mkono. Nilitaka kupiga kigelegele. Ukanibana mdomo kwa mkono uliojaa majani.

"Miezi mbili," ulisema. "Banza anayua, na weye unayua. Usiseme kwa muntu hata mumoja, Felisita. Hata kwa mama. Kinywa ya bantu ndjo ilinitoleaka bale batoto mbili."

Niliapa. Tena niliapa kwa mbwembwe, kwa msalaba na kwa kaburi la Baba, kwa sababu nilijisikia mtu mkubwa, mwenye kutunza siri ya dada yake. Tulicheka mpaka sombe ikakauka kinuni. Yaya, ningejua ningeapa kwa sauti ndogo zaidi.

Wiki mbili hazikupita. Ilikuwa asubuhi, Banza akiwa zamu kiwandani. Nilikuwa wodini nikikunja mashuka nilipoona Mama anaingia nawe, umemwegemea, na nyuma yenu shangazi wawili na mama jirani. Ulikuwa umeinama na mkono chini ya tumbo, upande mmoja. Ulinitazama ukajaribu kutabasamu. Nililiona lile tabasamu nikafikiri, si kitu kibaya sana, anaweza kutabasamu.

Daktari alikuwa mgeni, hajamaliza hata miezi mitatu nchini, na Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "asante". Alikuwa na subira. Aliniuliza maumivu yameanza lini, nikakuuliza, ukajibu, nikatafsiri. Aliuliza kama umetapika. Nikakuuliza, nikatafsiri. Kisha akauliza, bila kuinua macho kwenye karatasi yake, "Est-elle enceinte ?" Kama una mimba.

Mama alikuwa amesimama kwenye kichwa cha kitanda. Shangazi walikuwa miguuni. Mama jirani, yule ambaye habari haikai kinywani mwake, alikuwa amenyoosha shingo.

Nilikutazama. Ulinitazama. Kisha ukafumba macho.

Nikasema, "Non, docteur."

Hilo ndilo jambo langu, Yaya. Sikukuuliza. Nimelizungusha kichwani mara elfu na kila mara nafika hapo hapo: sikukuuliza hata. Nilijibu mwenyewe, kwa Kifaransa changu kizuri, kwa sababu nilikuwa nimeapa na kwa sababu kulikuwa na watu. Huenda ulifumba macho kwa maumivu tu. Huenda ulitaka niseme. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniamsha.

Mtawa aliyesimama kando yake na daftari la wodi aliandika hapana. Daktari alibonyeza tumbo, ukalia. Akasema ni matumbo, au labda kidole-tumbo, tungoje tuone, asile kitu, alale. Alipokuwa anageuka uliinuka kidogo, ukashika bega lako la kushoto, ukasema, "Na hii bega, Felisita. Bega inaniluma sana, juu ya nini?"

Daktari akaniuliza umesema nini.

Nikamwambia, si kitu. Anasema amechoka.

Nilifikiri ni ndoo, Yaya. Nilifikiri umebeba maji vibaya. Niliona aibu kumsimamisha mzungu aliyesoma miaka mingi ili nimwambie mgonjwa wa tumbo analalamika bega. Sikutaka aone watu wetu hawajui hata mahali wanapoumwa. Ile aproni ilinilevya.

King'ora cha kubadilisha zamu kilipolia, uliomba maji. Nilikuja na kitambaa chenye maji nikulowanishe midomo, na midomo ilikuwa imepauka kama vile ulikuwa unakula pemba. Uliniambia wodi imekuwa giza. Ilikuwa mchana mweupe, jua liko dirishani. Nikapiga kelele. Walikukimbiza kwenye chumba cha upasuaji, na mimi nilishika mlango uliofungwa, na Banza akaja mbio na nguo za kazi, vumbi usoni, akanikuta nimeushika bado.

Daktari alitoka na mikono mitupu. Aliongea nami polepole, kama anayeogopa nitakosa neno. Mimba ilikuwepo, lakini haikukaa mahali pake. Ilikuwa imeota kwenye mrija, mrija ukapasuka, damu ikajaa tumboni. Kisha akaniuliza kama nilikuuliza kweli.

Nikamwambia nilikuuliza. Nikamwambia ulikataa.

Kwa hiyo nilikuua, kisha nikakusingizia. Naandika wazi kwa sababu hapa hakuna wa kunifutia.

Nilipowatafsiria Mama na shangazi kwamba ulikuwa na mimba, niliona sura zao zinageuka zote kwa pamoja kumtazama Banza. Unajua desturi ya kwetu. Mwanamke akifa na mimba, watu hawaulizi ugonjwa, wanamwuliza mume alikuwa analala wapi. Wanasema ametembea nje akarudi na uchafu wa mwanamke mwingine, ndio uliomuua mke na mtoto. Nilitafsiri mrija, nilitafsiri damu. Hakuna aliyesikia. Au nilitafsiri kwa sauti ya chini, maana hasira ikienda kwa Banza haitakuja kwangu. Nimejiuliza hilo pia.

Kwenye kilio walimkalisha chini, nje, mbali na mkeka. Mama alisimama mbele yake akasema, "Banza, taja jina ya ule mwanamuke." Akajibu, "Hakuna mwanamuke, mama. Ni Nastazia tu." Akaulizwa tena. Akajibu vilevile. Hawakumruhusu kutupa udongo kaburini. Hakuna aliyempa maji ya kunawa. Alikutazama ukishushwa akiwa amesimama nyuma ya watoto wa jirani, mtu mzima vile, akinyoosha shingo. Na mimi nilikuwa mbele kabisa, nimeshikiliwa na shangazi kwa upole, wakisema nimefanya yote niliyoweza.

Baada ya hapo alihamia kwenye nyumba za wanaume wasio na wake. Nilikutana naye mara tatu au nne njiani. Alinisalimu, "Jambo, shemeki," akavua kofia. Kila alipovua kofia nilitaka ardhi inimeze.

Nilibaki na kazi. Ningekwenda wapi? Masista walifungua mafunzo ya wasaidizi wa wakunga nikaingia. Siku moja mtawa alichora ubaoni nyumba ya mtoto na mirija yake miwili, akaweka kidoti kwenye mrija mmoja, akatueleza inavyokuwa. Mwanamke anaweza asijue kama ana mimba. Huenda akatokwa na damu kidogo tu. Anaumwa upande mmoja. Na damu ikishamwagika tumboni, akasema, huenda akalalamika bega, na asiyejua atamcheka.

Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya masista. Walidhani ni malaria.

Tangu siku hiyo nina mtindo wangu wa kazi, Yaya, na umenipatia jina baya. Mwanamke akija na tumbo, nafukuza kila mtu. Mama mkwe, shangazi, mama mzazi, mume, wote nje, na ninavuta pazia. Kisha nainama mpaka sikio langu liguse mdomo wake, ninamwuliza, na ninangoja. Halafu namwuliza mara ya pili. Kila neno lake nalipeleka kwa daktari, hata akisema ameota nyoka. Madaktari wanachoka nami. Akina mama wanasema, "Ule Felisita iko na kiburi, anafukuza bazazi." Waache waseme.

Jumatano iliyopita alikuja msichana wa huku Katuba, hajafika hata miaka ishirini, na mama mkwe wake na wengine wanne. Mama mkwe alikuwa anajibu maswali yote. Nikawatoa. Yule mama alinitukana mpaka mlangoni. Nilivuta pazia, nikainama. Msichana akavuta aproni yangu. Akaninong'oneza, "Miezi mbili, mama. Bado hatuyasema." Kisha, bila kuulizwa, akagusa bega.

Nilikimbia kwenye korido, kiatu kimoja kikabaki. Sijui nilimwambia nini daktari, najua tu nilikuwa nimeshika bega langu mwenyewe nikimwonyesha. Hakuuliza mengi. Walimfungua mara moja. Mrija ulikuwa umeanza kupasuka. Wamekata mmoja, amebakiwa na mwingine, na damu waliyompa ilikuwa ya mume wake.

Alipoamka aliniuliza kama mtoto yumo bado. Nikamwambia hayumo, mahali alipokaa asingeweza kukua, hakuna aliyemtoa kwa kinywa wala kwa jicho. Akalia sana. Nikalia naye. Mama mkwe alikuja kesho yake na kikapu cha viazi vitamu, akapiga magoti mbele yangu, mwanamke yule yule wa matusi. Sikuweza kukipokea. Nilivua aproni nikaenda nyumbani, katikati ya kazi, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Mama alikuwa uani na ungo wake wa maharagwe. Nilikaa chini mbele yake nikasema yote. Kiapo, Kifaransa, bega, uongo kwa daktari, Banza. Nilikuwa tayari anipige kwa ule ungo. Nilikuwa tayari anifukuze, ingawa nyumba ni yangu.

Hakuacha kuchagua. Alichagua punje nyingine kama kumi. Kisha akauliza, "Bega ya wapi?"

Nikamwambia, ya kushoto.

Akaweka mkono kwenye bega lake la kushoto, akauacha hapo. Akasema, "Mi nilimupakala mafuta ku ile bega. Asubui, mbele ya kuya kule kwenu ku hospitali."

Kisha akaniambia kile ambacho miaka mitano hakukisema kwa mtu, Yaya. Alijua. Alikuwa ameona pemba kwenye kona ya mdomo wako wiki nzima, na akanyamaza, kwa sababu mzazi hamtajii mtoto mimba aliyoificha. Pale kitandani alinisikia naongea na daktari, maneno mengi, haraka haraka. Alidhani nimemwambia. Alisimama pale na moyo umetulia, akijisemea, mtoto wangu anajua Kifaransa, amekwisha kusema lile ambalo sisi hatuwezi kulisema.

"Nilikusikia unasema," aliniambia. "Nilishukuru Mungu."

Sisi sote tulijua. Mama alijua, mimi nilijua, Banza alijua kule kiwandani. Mtu pekee mle ndani aliyepaswa kujua ndiye aliyefichwa.

Nilimwuliza kwa nini basi alimshitaki Banza vile. Akashika ungo kwa mikono miwili. Mwisho akasema, "Ningemushitaki nani? Miye mwenyewe?" Ungo ukamdondoka. Tuliokota maharagwe sote wawili tukilia, na hakuna aliyemfariji mwenzake, tuliokota tu.

Jana alinituma nikamwite. Banza alikuja na shati safi, kofia mkononi, akasimama mlangoni kama aliyekuja kusomewa hukumu nyingine. Ana mvi sasa, Yaya, pembeni. Hakuoa. Mama alikuwa amepika bukari, ugali wetu, na samaki. Alimletea maji ya kunawa yeye mwenyewe, akapiga magoti na beseni. Banza akarudi nyuma, "Hapana, mama, simama." Mama hakusimama. Ndipo nikamweleza Banza, mbele ya Mama, neno kwa neno.

Alinawa. Alikaa. Alikula matonge matatu, nikayahesabu moyoni. Kisha mkono wake ukabaki kwenye sahani. "Miaka mitano, Felisita," alisema. "Mpaka mi mwenyewe nilianza kujiuliza kama nilitembea."

Hakunisamehe na hakunitukana. Alimaliza samaki kwa heshima ya Mama, akashukuru, akaondoka. Mimi nilitaka kelele, Yaya. Kelele ningeijibu.

Lakini leo baada ya misa alikuwa anatungoja nje ya kanisa. Tulikuja kwako watatu, sijui kama ulitusikia. Mama alishangaa kukuta kaburi limepaliwa na kuzungushiwa mawe yaliyochaguliwa sawasawa. Miaka yote alifikiri ni watu wa misheni. Banza alitazama chini. Mama akaokota udongo kwa mikono miwili, akamtilia kiganjani, akamwambia, "Mutupie." Akatupa. Udongo ule ulichelewa miaka mitano, lakini ulifika.

Sasa nakuambia la mwisho, kisha nikuache upumzike.

Tulipokuwa tunarudi tulipita sokoni, na nilisikia ile harufu ya udongo wa mvua kabla sijaona meza. Nilinunua kipande cha pemba kikubwa kama yai. Ndani ya pindo la kitambaa chako cha manjano kimo bado kile ulichokibakiza, nilikikuta siku ya kilio nikakificha, na sitakila, ni chako. Hiki ni changu. Nilikimega pale pale katikati ya soko, mbele ya Mama, mbele ya mume wako, mbele ya yule mama jirani wa zamani aliyekuwa anauza mboga na ambaye shingo yake haijafupika. Nikatafuna. Sikupangusa midomo.

Mama alinitazama. Mkono wake ulipanda kunizuia, ukashuka. Akauliza kwa sauti, watu wakisikia, "Miezi ngapi?"

Nikamwambia, "Mbili, mama."

Naogopa sana, Yaya. Kesho nitamwambia daktari kabla hajauliza. Popote patakaponiuma nitasema, hata ukucha. Na kila mwanamke atakayelala nyuma ya pazia langu nitamwuliza na kumngoja, kama ambavyo sikukungoja wewe.

Lala, dada yangu. Jina la mume wako limerudi nyumbani, na jembe lako halijashika kutu.

Mdogo wako,
Felisita